Gitaa Lenye Mafua

Aliyenitangazia msiba alikuwa mama mmoja wa makamo aliyevaa kitenge cha njano, kwenye ukumbi wa harusi huko Sinza. Bendi ilikuwa mapumzikoni, watu wanakula, nami nimesimama kwenye foleni ya pilau na sahani yangu. Akanigusa bega. "Mwanangu," akasema kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "gitaa lako lina mafua."

Nikacheka nikidhani ni utani wa harusini. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba likiwa chini linaongea vizuri tu, ila "likipanda huku" (vidole vyake vikatambaa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko) "linaanza kuvuta makamasi." Halafu akajichagulia finyango tatu za nyama, akaenda zake, akaniacha na upawa mkononi na watu kumi na wawili nyuma yangu ambao walikuwa wamesikia kila neno.

Ningeweza kumpuuza. Mimi ni karani wa ghala, gitaa napiga Ijumaa na Jumamosi, na kwa miaka tisa nimekuwa mpiga solo wa bendi ya watu wanne, sasa watano, ambayo jina lake silitaji kwa sababu bado tunatafuta mialiko. Katika miaka hiyo tisa watu wamelalamikia bei yetu, kuchelewa kwetu, na shati langu moja lenye maua. Sauti ya gitaa, hapana. Shida ni kwamba mama yule ni jirani yetu hapa Magomeni, tena ni mwenyekiti wa kikoba cha mke wangu, tena ndiye mteja wake mkubwa wa magauni. Mke wangu ni fundi cherehani. Nilifika nyumbani saa tisa usiku nikitembea kwa vidole vya miguu, mlango ukafunguliwa kabla sijagonga.

"Nasikia gitaa linaumwa," akasema.

Lazima nieleze kilichokuwa kimebadilika. Zamani, kabla ya kumpata kijana wa kinanda, kutyuni kwetu lilikuwa jambo la kifamilia. Mpiga besi anatoa sauti yake, rithimu anamfuata, mimi namfuata rithimu, mwimbaji anatufuata wote akiwa amechelewa. Besi mwenyewe alimfuata nani? Hakuna aliyewahi kuuliza. Akipanda tulipanda naye, akishuka tulishuka naye hadi bondeni. Na tulipokosea huku juu ya shingo tulikosea wote upande mmoja, na watu wakikosea pamoja kwa muda mrefu huo huitwa mtindo.

Mwaka jana tukamchukua kijana kutoka kwenye kwaya, mwenye kinanda chake na stendi yake. Kinanda ni kitu kibaya sana kwa watu kama sisi. Ukikiuliza A leo kinakupa A, ukikiuliza kesho kinakupa ile ile, hakijali kama ni mvua au jua, hakijali umepiga wimbo huo tangu lini. Wewe ukipishana nacho hata kidogo, sauti mbili zinaanza kugombana hewani, wuu-wuu-wuu, kama feni ya dari iliyolegea bawa. Ndiyo yale makamasi ya mama mwenyekiti.

Kama ilivyo desturi ya nchi, nilianza kwa kulaumu umeme. Ukumbi ule umeme wake ni mdogo, mwimbaji akivuta pumzi taa zinafifia. Nikawaambia wenzangu kwamba ampilifaya ikikosa umeme wa kutosha inapindisha sauti. Rithimu wetu, ambaye mchana hufundisha fizikia sekondari, akaniuliza taratibu: ampilifaya inaweza kupunguza sauti, inaweza kuikwaruza, lakini itaichukuaje A iigeuze kitu kingine? Nikamwambia asituletee mambo ya shule.

Baada ya umeme yakafuata masikio. Mke wangu alisema mjomba wake aliwahi kusikia vibaya miaka miwili, kumbe ni nta. Nikalazwa kwenye mkeka, nikatiwa maji ya uvuguvugu masikio yote mawili, na kweli yalifunguka. Matokeo yake nikaanza kuusikia ubovu vizuri zaidi.

Ndipo nikaziangalia nyuzi. Zilikuwa na miezi minane. Kwa hewa yetu ya pwani, uzi wa miezi minane ni sawa na msumari uliosahauliwa kwenye paa la banda la kuku. Kutu na jasho haviuli uzi sawasawa, vinaula pale vidole vinapopenda kukaa, na uzi ambao huku mnene kule mwembamba hautikisiki kwa mwendo mmoja, unachechemea. Hilo ni kweli kabisa, na kama ningenunua seti mpya siku ile ningeokoa wiki tatu za maisha yangu. Lakini mpiga besi akaniambia wakubwa wetu hawakuwa wanatupa nyuzi hovyo. Walikuwa wanazichemsha.

Nilizichemsha Jumamosi asubuhi, kwenye sufuria ya uji, dakika kumi na tano. Maji yakabadilika rangi, yakawa kama chai ya rangi iliyokolea. Mtoto wetu wa mwisho akaingia jikoni, akachungulia. "Baba," akasema kwa furaha, "leo tunakula tambi?"

Zilitoka zinang'aa. Zilidumu siku mbili, ya tatu uzi wa kwanza ukakatika katikati ya mazoezi ukamchapa mwimbaji shavuni. Sufuria ya uji ilibidi inunuliwe nyingine.

Kariakoo nikanunua seti mpya. Kijana muuzaji akaniuliza napiga namba ngapi. Nilikuwa natumia 9, namba hiyo ikiwa ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi, lakini akanitazama mwili, akaniambia 9 ni za watoto wa shule, mzee kama mimi apige 11. Mtu akishauingiza uzee wako kwenye biashara ni vigumu kukataa. Nikazifunga jioni hiyo hiyo. Nyuzi nene ni ngumu, zinavutwa kwa nguvu zaidi ili zifike pale pale, na shingo ya gitaa nayo inapinda kidogo kuzisujudia. Kesho yake mama mwenyekiti akapita uani kwetu kupima gauni, akanikuta kibarazani najaribu. Akasimama kidogo, akasikiliza.

"Sasa," akamwambia mke wangu, "limeingia nimonia."

Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea kwenye simu programu ya kutyunia. Unapiga uzi, sindano inaonyesha: katikati kijani, pembeni nyekundu. Nikapiga uzi wa nne wazi, D, mitikisiko 146.8 kwa sekunde. Kijani. Nyuzi zote sita, kijani tupu, kama taa za barabarani rais akipita. Nikataka kumwita mama mwenyekiti aje ashuhudie. Mpwa akasema, "Anko, sasa bana freti ya kumi na mbili."

Freti ni vile vijichuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, na ya 12 ndiyo nusu ya uzi. Ukiukata uzi katikati unapata sauti ile ile juu yake, mitikisiko mara mbili, kwa hiyo uzi wangu wa nne pale ulipaswa kusema 293.7. Nikabana. Sindano ikaruka kulia ikawa nyekundu: alama 14. Kati ya sauti moja ya kinanda na jirani yake kuna alama 100, kwa hiyo 14 unaweza kusema ni kidogo. Kokoto kwenye wali nayo ni kidogo.

Ugonjwa ukapata jina: intonesheni. Gitaa linaweza kuwa sahihi kabisa likiwa limekaa wazi, halafu kadiri vidole vinavyopanda ndivyo linavyozidi kusema uongo. Na muziki wetu wa dansi, sebene inapofunguka, vidole vinaishi huko juu. Mimi hasa napenda kupiga uzi wa pili na wa nne kwa pamoja, kidole gumba na cha shahada, sauti mbili zikitembea sambamba kama maharusi. Sasa hebu fikiria maharusi ambao mmoja kila akipanda ngazi anamwacha mwenzake.

Usiku ule sikulala, nikasoma. Nikamkuta Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa darubini, mpiga kinanda cha nyuzi wa Italia. Kwenye kitabu chake cha 1581 alieleza namna ya kupanga freti: gawanya uzi kwa 18, weka freti, gawanya uliobaki kwa 18, weka nyingine. Ukiifuata hadi ya 12, sauti inapungua kama alama 12 hivi kufikia inapotakiwa. Siku hizi mafundi wanagawa kwa 17.817. Nilifarijika sana kujua kwamba miaka zaidi ya mia nne iliyopita kulikuwa na mwanamume mwenye watoto naye anakesha kwa alama 12.

Lakini hesabu hizo zote zinachukulia kwamba uzi ni mstari wa penseli. Uzi wa kweli una ugumu wake, tena ukiubana hadi kwenye freti unauvuta, na ukivutwa unapanda. Kwa hiyo kule mkiani mwa gitaa uzi hurefushwa kidogo kupita hesabu, ili kufidia. Kwenye gitaa kama langu, lenye umbo la Stratocaster na jina lililokwanguliwa, kuna vidaraja vidogo sita, kila uzi na chake, na kila kidaraja kina skrubu ya kukirudisha nyuma na kispringi cha kukisukuma mbele. Uzi ukibanwa kwenye 12 ukipanda, kidaraja kinarudi nyuma. Ukishuka, kinakwenda mbele. Mambo yote ndiyo hayo. Mtoto wa darasa la nne angeelewa, na ndiye aliyepaswa kupewa bisibisi.

Mimi nilitaka kupima kwanza. Mke wangu alikuwa amekwenda kikobani, tepu yake ya kushonea imening'inia kwenye cherehani. Nikaiweka ncha kwenye kile kipande cha mfupa kinachoshika nyuzi juu ya shingo, nikapima hadi freti ya 12: sentimita 33 na robo. Mara mbili yake, 66 na nusu. Nikapima hadi kwenye kidaraja cha uzi wa kwanza: 65. Nikarudia mara tatu. Sentimita moja na nusu nzima haipo! Nikajisikia kama mkaguzi wa mahesabu aliyekuta shimo kwenye vitabu. Kumbe miaka tisa nimepiga gitaa lililoibiwa sentimita moja na nusu.

Nikalegeza uzi wa kwanza, nikaanza kukaza skrubu ili kidaraja kirudi. Kikarudi milimita nne, tano, kikagoma, kispringi kimebanana hakipumui. Bado nadai sentimita moja. Nikaona adui ni kispringi. Nikafungua skrubu yote ili nikitoe, na kikatoka chenyewe. Kilisema "ting!" kikapita karibu na pua yangu, kikagonga kioo cha picha ya harusi yetu, kikatua mahali fulani chini ya cherehani, ndani ya lundo la vipande vya vitambaa vya mwaka mzima.

Mke wangu alinikuta nimelala kifudifudi na tochi ya simu mdomoni.

"Umepoteza nini?"

Nikamweleza, nikamwonyesha na mahesabu niliyoandika nyuma ya kalenda. Akayatazama. Akaitazama tepu. "Umeanzia wapi kupima?"

"Mwanzoni. Watu huanzia wapi?"

Akainyoosha ile ncha mbele ya macho yangu. Ile bati ya mwanzo ilikuwa imeng'oka zamani, nayo imeondoka na sentimita moja na nusu. Namba ya kwanza kamili iliyosalia ilikuwa 2. "Mimi naanzia kumi," akasema. "Kila siku naanzia kumi. Unaniona kila siku."

Kwa hiyo nikaenda kwa fundi, jambo ambalo wanaume tunalifanya baada ya kuharibu. Yuko Ilala, kibanda cha mabati chenye redio zilizofunguliwa matumbo, spika zilizopasuka, na ukutani picha ya Mbaraka Mwinshehe iliyofifia kiasi kwamba ukiwa hujui ni nani utadhani ni kivuli cha mtu aliyeshika kasia. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Nikamweleza habari yote, tangu pilau hadi kispringi. Alisikiliza akiwa anachomea waya. Nilipofika kwenye tepu akakizima kile chuma chake cha kuchomea, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mzee wangu, ulipima uzi kwa futi ya magauni?"

Akafungua kalamu ya wino ya mia mbili, akatoa springi ya ndani, akakata kipande kwa koleo, akakivalisha kwenye skrubu ya kidaraja cha kwanza. Kikakaa kama kilizaliwa pale. Nyuzi zangu za 11 akazivua zote bila kuniomba ruhusa, akaniuzia seti ya 10, akasema huo ndio umri wangu halisi. Kisha akafanya kitu ambacho simu yangu haikuwahi kuniambia. Akagusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana, kidole kama inzi ametua, akapiga: ikatoka sauti nyembamba, safi, ya kengele. Akabana pale pale, akapiga. Kengele, kubana. Kengele, kubana. Kama sauti ya kubana iko juu ya kengele, bisibisi robo mzunguko nyuma, anatyuni upya, anarudia. Hakutumia sindano wala kijani. Alikuwa amefumba macho, na mara mojamoja anaguna kama daktari anayesikiliza kifua.

Kwenye uzi wa nne akafumbua macho. Akainamisha gitaa kwenye mwanga.

"Tazama vidaraja vyako," akasema. Nikatazama. "Kwa kawaida vinakaa kama ngazi mbili. Wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila mmoja nyuma ya mwenzake. Halafu wa nne anaruka mbele kidogo, wa tano nyuma yake, wa sita nyuma kabisa. Huyu wako wa nne hakuruka kidogo. Amekwenda kukaa na watoto."

Kweli, kidaraja cha nne kilikuwa mbele kabisa, karibu sawa na cha uzi wa kwanza. Miaka tisa nilikifuta vumbi pale pale.

"Gitaa hili uliuziwa na nani?"

Nikamwambia: Mkongo mmoja, alikuwa anarudi kwao, nami nilikuwa na mkopo.

Akacheka hadi akakohoa. Kumbe wapigaji wengi wa Kongo, hasa wanaokaa kati ya rithimu na solo, wana mtindo wao wanaouita mi-composé: wanautoa uzi wa nne, ule mnene uliosokotwa, wanaweka mahali pake uzi mwembamba unaolia sauti ile ile lakini juu yake. Ndiyo maana ukiwasikiliza unadhani gitaa limepewa vidole vya ziada. Fundi alisema enzi za bendi ya Maquis na wenzao walipojaa mjini, magitaa ya namna hiyo aliyatengeneza mpaka akachoka. Na uzi mwembamba unataka kidaraja kikae mbele. Mwenye gitaa alisogeza kidaraja kwa ajili ya uzi wake, akauza gitaa, mimi nikafunga uzi mnene wa kawaida kwenye kiti cha mtu mwembamba. Tangu hapo uzi wangu wa nne ulikuwa mfupi kuliko haki yake, na kila ulipobanwa ulipanda.

Sikukasirika. Nilijisikia kama mtu aliyegundua kwamba nyumba anayoishi ina mlango wa siri, hata kama mlango wenyewe ndio uliokuwa unaingiza maji.

Alipokwisha akanirudishia. Nikapiga sebene yangu, uzi wa pili na wa nne. Fundi akakunja uso. Akalichukua, akapiga yeye vile vile: maharusi wanatembea pamoja. Akanirudishia: maharusi wameanza kusukumana. Nikatoa simu, tukapima. Yeye alama 2. Mimi, gitaa lile lile, freti ile ile, 9.

"Mzee," akasema, "unabana uzi kama unakaba kibaka. Huyu hatakimbia."

Dawa ya hiyo hakuwa nayo kibandani. Aliniambia pia, wakati anahesabu chenji, kwamba hata akilifanyia kazi mwaka mzima gitaa halitakuwa sawa kila mahali. Ukilinyoosha hapa linalalamika pale, unachagua tu lilalamike wapi ambapo hupiti mara nyingi. Nikalipia, nikaondoka nimelishika kama mtoto aliyetoka kuchanjwa.

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi. Mtu akishaonja usahihi anakuwa hatari kwa familia. Nilipofika nyumbani niliilaza ile tepu ya mke wangu kando ya futi ya chuma ya ofisini, nikianzia kumi kama nilivyofundishwa. Pale tepu ilipoonyesha imekwenda mita moja, chuma kilisema mita moja na sentimita mbili. Plastiki ilikuwa imevutika kwa miaka ya kuzungushwa viunoni. Nikamwita, nikamwonyesha, sauti yangu ikiwa na huruma ambayo leo naijutia.

"Najua imevutika," akasema. "Napimia hii, nakatia hii. Mtu akivaa gauni linamkaa. Shida iko wapi?"

"Mita ni mita," nikamwambia. Kesho yake nikamletea tepu mpya kutoka Kariakoo, yenye bati pande zote mbili.

Kwenye mazoezi ya Alhamisi nilifika nimetyuni kwa simu, kila uzi kijani, A yangu 440 kamili kama walivyokubaliana mataifa. Nikaingia na kinanda. Wuu-wuu-wuu. Nikadhani nimeishiwa damu. Nikaangalia simu: kijani. Mwalimu wa fizikia akainama kwenye kinanda, akabonyezabonyeza, akamuuliza kijana hii 436 ni ya nini. Kijana akajikuna kichwa. Alisema alikishusha zamani kidogo, kumfuata mpiga saksafoni wa bendi aliyokuwa nayo mwanzo, akasahau kukirudisha. Sasa nani ashuke, nani apande? Mwimbaji akasema 436 inamfaa koo. Besi akasema yeye yuko huko huko siku zote. Tukashuka wote, tukapiga saa mbili, na sijawahi kusikia bendi yetu ikiwa nzuri namna ile. Uzi wa nne ulipanda ngazi ukimshika mwenzake mkono, nami nikibana kidogo kidogo kama mtu anayepapasa usingizi wa mtoto.

Hapo ndipo ningepaswa kuikumbuka tepu. Sikuikumbuka.

Jumamosi tulipiga harusi nyingine, ya mtoto wa mwanakikoba, ukumbi ule ule. Mama mwenyekiti alikuwa meza ya mbele, gauni jipya la zambarau, limeshonwa wiki ile ile. Vipimo vyake mke wangu anavyo kwenye daftari miaka mingi, hahitaji kumpima upya kila mara: kifua 110, nyonga 120. Ni vipimo vya tepu ya zamani. Kitambaa kilikatwa kwa mpya.

Niliona mapema kwamba hakwenda kwenye pilau. Wenzake walipoinuka kucheza yeye alipiga makofi akiwa ameketi, mikono imebana mbavuni, akipiga kwa vidole tu. Sebene ilipofunguka nilipanda hadi juu kabisa ya shingo, mahali ambapo miaka tisa nilikuwa napita nikiwa nimefumba macho, na gitaa likasema ukweli mwanzo hadi mwisho. Akainuka. Akaja hadi chini ya jukwaa hatua kwa hatua, akigeuka mzima mzima kama kabati linalohamishwa. Akaninong'oneza, maneno machache machache, kila moja likisubiri pumzi yake.

"Limepona... mwanangu... hongera."

Akainua mkono kunitunza noti ya elfu kumi, na kutoka mgongoni mwake nikasikia, juu ya besi, juu ya kinanda, mshono wa kwanza ukiachia.

Nikatazama mezani kwao. Mke wangu hakuwa anaitazama bendi. Alikuwa ananitazama mimi, na kwenye kidole chake cha shahada alikuwa anazungusha, taratibu, ile tepu ya zamani.